Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Maisha ya Usharika Wetu Tangu Kanisa Liungue

Bwana Yesu asifiwe. Tangu moto ule simu ya ofisi haipumziki. Wanaouliza ni washarika wetu wa Kilutheri wa hapa Moshi mjini, watoto wetu walioko Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi, majirani, na watu waliobatizwa kwetu zamani wakahamia mbali. Nimekaa na mchungaji, wazee wa kanisa na akina mama, tukakusanya maswali yanayorudi kila wiki. Majibu nimeyaandika mimi, katibu wa baraza la wazee, kama ninavyomjibu mtu akinikuta mlangoni. Ukiona swali lako halimo, mwulize mzee wa jumuiya yako, yaani kikundi cha washarika majirani wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao.

Moto ulianzaje? Kuna aliyeumia?

Hakuna aliyeumia, na hilo tunamshukuru Mungu kabla ya jingine lolote. Moto ulianzia darini usiku, hakuna mtu ndani, kwa hitilafu ya umeme kwenye nyaya za zamani. Dari ilikuwa ya mbao zilizokauka kwa miaka mingi, kwa hiyo ulienda haraka. Zimamoto walifika, lakini paa lilikuwa limeshaanza kushuka.

Yapo maneno mtaani kwamba kanisa lilichomwa. Si kweli, na tunaomba kwa upendo yasiendelee kusambazwa. Usiku ule waliotoka kwanza na ndoo na mipira ya maji ni majirani zetu, na wengi wao ni Waislamu. Vijana wawili wa nyumba ya pili kutoka kwetu ndio waliotoa altare nje kupitia mlango wa pembeni, wakaiweka kwenye nyasi na kuifunika kwa kanga ya mama yao ili cheche zisiifikie. Mtu anayesema jirani ametuchomea anawasema watu hao.

Kwa wenye makanisa, kumbi na nyumba za zamani: mwiteni fundi umeme mwenye leseni akague nyaya, na nambari ya Zimamoto, 114, ibandikwe mahali ambapo hata mtoto anaiona. Kuipiga ni bure.

Ibada za Jumapili ziko wapi, na saa ngapi?

Ziko pale pale kiwanjani kwetu, chini ya maturubai, upande wa nyumba ya mchungaji. Ibada ya kwanza saa 1 asubuhi, ya pili saa 4. Shule ya Jumapili iko barazani kwa mchungaji, ambapo chekechea nayo imehamia siku za kazi. Usisogelee kuta zilizobaki, hata kwa kupiga picha, maana zimepasuka na zinasubiri kubomolewa.

Viti vya plastiki havitoshi ibada ya pili. Anayekaa jirani aje na kiti chake au kigoda, na ukiona mzee amesimama, tafadhali mpishe.

Kwa nini hamkuhamia kwenye usharika jirani mpaka mjenge?

Walitualika kwa moyo mweupe, na Jumapili za mwanzo tulikwenda. Lakini kwenda kule kunataka nauli ya bajaji kwenda na kurudi, na wazee wetu wengi waliacha kuja. Hawakulalamika, walibaki tu nyumbani. Tena kule tulikuwa wageni. Mhudumu wa mlangoni alitupokea vizuri sana, ila hakuwa na namna ya kujua kwamba bibi wa safu ya tatu, ambaye hajawahi kukosa ibada ya kwanza, leo hayupo. Kwetu tungegundua kabla ya wimbo wa pili kwamba hayupo, na mtu angetumwa kwenda kumwangalia.

Baraza likaamua kwamba kukaa juani pamoja kiwanjani petu ni afadhali kuliko kukaa kivulini tukiwa tumetawanyika. Uamuzi huo una gharama na si wote walioupenda. Mimi naamini ulikuwa sahihi.

Jumuiya zinafanya nini sasa ambacho hazikufanya zamani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo usharika ulipo kwa sasa.

Zamani, tuseme kweli, jumuiya zilikuwa zimelegea. Watu walikutana, wakaimba, wakasoma Neno, wakatoa sadaka, wakatawanyika. Mambo mengine yote yalisubiri Jumapili kanisani. Baada ya moto, yaliyokuwa na chumba kanisani yalihitaji sebule ya mtu. Mafundisho ya Biblia ya katikati ya wiki yamekwenda kwenye jumuiya. Kikoba cha akina mama kilichokuwa kikikutana ukumbini kimegawanyika kufuata majirani. Maombi ya wagonjwa yanafanyika kwa mgonjwa mwenyewe.

Jumuiya moja upande wa Njoro inakutana kwa bibi mmoja mjane. Makochi yake yamefunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, na televisheni nayo ina chake. Watu wakizidi sebule, vijana wanakaa kwenye ngazi za nje wakiwa na vitabu vya nyimbo, na kuku wanapita katikati yao. Sadaka inakusanywa kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu ukingoni. Wakimaliza, katibu wa jumuiya anafungua daftari la shule na kuita majina. Jina likiitwa na mwenyewe hayupo, mtu anasema kwa nini hayupo. Kama hakuna ajuaye, wawili wanapewa kazi ya kwenda kumwona kabla ya Jumapili. Kwa utaratibu huo tumejua mambo ambayo kanisa lenye paa lilikuwa halijayasikia: kijana aliyeachishwa kazi akiona haya kusema, mama anayeuguza peke yake, mzee aliyekuwa akilala njaa siku ambazo mjukuu wake hakupata kibarua.

Hili kwa Kilimanjaro si geni. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipoanza kazi Machame mwaka 1893, na baadaye Old Moshi, watu walisikia Neno kabla ya kuwa na jengo la kulisikilizia. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi mpaka 1938, alisisitiza kwamba usharika usimamishwe juu ya vifungo ambavyo Wachaga tayari wanavyo: ukoo, ujirani na rika. Na mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa chini ya utawala wa Waingereza, walimu wenyeji ndio walioshika sharika za mlimani. Walifundisha, walizika, waliwatunza waumini kwa miaka kadhaa. Wajukuu na vitukuu vyao wamo katika jumuiya zetu leo. Siwezi kuwaambia watu wa namna hiyo kwamba bila bati hawawezi kuwa kanisa.

Chakula cha Bwana chini ya turubai ni halali?

Ni halali kabisa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tunalolishika sisi Walutheri, linasema katika sehemu yake ya saba kwamba kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa sawasawa. Halitaji jengo. Mtume Paulo alituma salamu kwa kanisa lililokuwa nyumbani mwa Priska na Akila. Altare ni ile ile iliyookolewa, na upande mmoja bado una weusi wa moshi. Fundi alitaka kuipiga randa, tukamwomba aiache ilivyo.

Mvua ikinyesha?

Vuli haikutusumbua sana. Masika ndiyo mtihani, na Pasaka daima huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, katikati ya mvua zetu. Tumechimba mifereji kuzunguka maturubai na kumwaga kokoto njiani. Mvua ikiwa kubwa alfajiri, ibada ya kwanza inafanyika kwenye jumuiya, kila moja mahali pake, na wazee wa kanisa wanaongoza kwa liturujia ile ile. Habari inatumwa kwenye simu za viongozi wa jumuiya kabla ya saa 12 asubuhi. Asiye na simu anasikiliza: kengele yetu iliyeyuka mdomo, kwa hiyo sasa tunagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrivea. Ukisikia rimu, njoo kiwanjani. Usipoisikia, nenda jumuiya.

Daftari la ubatizo liliungua. Cheti changu kimepotea. Nifanyeje?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na linabeba uchungu mkubwa, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Madaftari yalikuwa kwenye kabati la mbao chumba cha nyuma. Machache yalitoka yakiwa yameungua pembeni na kulowa maji ya Zimamoto. Tuliyaanika kivulini, kurasa zikitenganishwa kwa magazeti, na akina dada wa kwaya walikaa nayo siku nyingi wakigeuza ukurasa mmoja mmoja. Wino wa zamani umestahimili kuliko wa kalamu za sasa. Kuna ukurasa ambao majina ya watoto yamekwenda na moto lakini ya wadhamini wa ubatizo, yaliyoandikwa safu ya ndani karibu na mshono, yamebaki yote. Tukaanza kuwatafuta wadhamini hao ili watuambie walimsimamia nani.

Kwa hiyo kama ulibatizwa kwetu, fanya hivi. Ukiwa na cheti chako, tupe nakala hata kama hukihitaji leo, maana kila cheti kinachorudi ni mstari mmoja wa daftari unaofufuka. Usipokuwa nacho, tuletee jina lako kamili, majina ya wazazi, mwaka kadiri unavyokumbuka, na jina la mdhamini au mtu mwingine aliyekuwepo. Picha ya siku ile inasaidia sana, hasa kama nyuma yake kuna tarehe. Wazee wa kanisa wawili watasikiliza ushuhuda, kisha mchungaji ataingiza jina kwenye daftari jipya akiandika kwamba limerejeshwa kwa ushuhuda. Hatubatizi mtu mara ya pili. Ubatizo wako haukuungua, iliungua karatasi.

Tunajua wengi mnakitafuta cheti hiki kwa sababu kinatumika kama kielelezo mnapoomba cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, hasa ninyi mliozaliwa nyumbani. Ukiwa na haraka ya namna hiyo, sema mapema ili usikae foleni na wengine. Huduma hii hailipiwi. Yeyote anayekudai hela ya kuharakisha, mtaje kwa mchungaji.

Tulishapanga harusi. Itafungwa wapi?

Katika kanisa la usharika jirani, na mchungaji wetu ndiye atakayefungisha. Matangazo yanasomwa kwetu, chini ya maturubai, Jumapili tatu kama kawaida. Wapo wanandoa waliochagua kufunga kiwanjani kwetu, na tumewaruhusu. Bibi harusi mmoja alisema hataki kwenda kwa watu kuolewa wakati mama yake yupo hapa. Zungumza na mchungaji kabla hujalipia mpiga picha na ukumbi.

Na misiba?

Misiba ndiyo iliyoathirika kidogo kuliko yote, kwa sababu Wachaga huzika nyumbani kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Mwili ukitoka hospitali ya KCMC au Mawenzi unapitia nyumbani mjini kwa sala, kisha safari ya Marangu, Machame, Kibosho, Rombo au kwingine alikozaliwa marehemu. Kilichobadilika ni ibada ya kuaga ya wale waliozoea kupitisha mwili kanisani. Kwao tunaweka altare na msalaba pale pale uani kwa wafiwa.

Jumuiya zimepokea zaidi kazi ya msiba: kupika, kuteka maji, kulala na wafiwa. Tumekubaliana kwamba jumuiya iliyofiwa haipiki, jumuiya inayofuata ndiyo inayopika. Utaratibu huu ulitoka kwa akina mama wenyewe, nami nautaja kwa heshima kubwa kwao, kwa sababu umeondoa manung'uniko ya miaka.

Watoto wanauliza kwa nini Mungu ameacha nyumba yake iungue. Tuwajibu nini?

Wametuuliza na sisi. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alimwambia mtoto mmoja kwamba Mungu hakuwa amefungiwa mle ndani, na mtoto akauliza, "Sasa usiku ule alikuwa wapi?" Mwalimu akamjibu kwamba alikuwa na wale kaka waliobeba altare.

Wazazi, naomba msiwaambie watoto kwamba ni adhabu. Hakuna aliyetumwa kusema hivyo. Waacheni walie kama wanataka. Ezra anaeleza kwamba msingi wa hekalu ulipowekwa, wazee waliokuwa wameliona lile la kwanza walilia kwa sauti kuu huku wengine wakipiga kelele za furaha, hata watu hawakuweza kutofautisha kilio na shangwe. Kilio kina nafasi yake katika nyumba ya Mungu, kwa watoto na kwa sisi tuliokwisha kuota mvi.

Mafundisho ya kipaimara yanaendelea?

Yanaendelea. Darasa la mwaka wa kwanza na la mwaka wa pili yote yako Jumamosi asubuhi, kwenye darasa la shule ya msingi iliyo jirani, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Vijana wafute ubao na kufagia wakimaliza. Siku ya kipaimara haijasogezwa.

Kwaya zinafanyia wapi mazoezi? Majirani wamelalamikia kelele?

Wamelalamika, na wana haki. Ukuta wa kanisa ulikuwa ukizuia sauti, turubai halizuii kitu. Kuna watoto wachanga, wagonjwa, na watu waliotoka zamu ya usiku. Sasa mazoezi yote yanaisha saa 2 usiku. Spika zimegeuzwa kuangalia upande wa barabara, na ibada ya kwanza haitumii spika kabisa. Kwanza tumegundua kwamba bila spika watu wanaimba zaidi.

Kinanda kiliungua. Matarumbeta yalisalimika kwa sababu vijana huwa wanayapeleka nyumbani. Bendi ya matarumbeta, hii tuliyorithi kutoka kwa Walutheri wa Kijerumani na kuifanya ya kwetu, sasa ndiyo inayoongoza nyimbo karibu zote. Mzee wetu mpiga tuba, aliyekuwa amestaafu, amerudi na anawafundisha vijana watatu.

Sadaka na michango ya ujenzi natumaje nikiwa mbali?

Kwa lipa namba ya usharika au akaunti ya benki. Hatuziandiki hapa. Zimo kwenye bahasha yako ya ahadi, na kiongozi wa jumuiya anazo. Sababu ni matapeli. Mara tu baada ya moto zilisambaa jumbe zenye picha ya kanisa letu likiwaka na nambari ya simu ya mtu binafsi. Kabla hujathibitisha muamala, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa jina la mtu, hata kama ni la kiongozi unayemfahamu, usitume. Piga ofisini kwanza.

Fedha ya ujenzi ina akaunti yake na watia sahihi watatu, na mtunza hazina anasoma mapato na matumizi mbele ya washarika kila mwezi. Anayetaka kuona risiti aje ofisini, ataonyeshwa. Yaliyosemwa huko nyuma kuhusu kamati za ujenzi za sehemu mbalimbali tunayajua, na njia pekee ya kuyajibu ni daftari lililo wazi.

Mnada wa baada ya ibada bado upo?

Upo, na umekuwa mkubwa. Mkungu wa ndizi mshare, trei ya mayai, lita za maziwa, parachichi, kuku, mzigo wa majani ya ng'ombe: chochote mtu alichotoa kinanadiwa pale chini ya mgrivea. Wanunuzi wengine wanalipa kisha wanakirudisha kinadiwe tena. Juzi jogoo mmoja alinunuliwa na watu watano, na wa tano akampelekea mama aliyejifungua. Kama huna hela, kaa tu na sisi. Watu wanapata habari za wenzao mnadani kuliko mahali pengine popote.

Je, diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, imesimama ili fedha ziende kwenye ujenzi?

Hapana. Shauri hilo lililetwa na baraza likalikataa. Wajane tunaowalipia kodi ya nyumba, watoto tunaowanunulia sare na madaftari, na wagonjwa tunaowasaidia bima ya afya, wote wanaendelea kupata kama kabla ya moto. Mfuko wa diakonia haukopeshi mfuko wa ujenzi, hata kwa wiki moja. Tukichelewa kujenga kwa sababu hiyo, tumechelewa kwa sababu nzuri.

Kwa nini ujenzi haujaanza? Hagai hakuwakemea watu kwa kuchelewa?

Hagai aliwakemea watu waliokaa katika nyumba zao nzuri huku wakisema wakati bado. Sisi hatujasema wakati bado. Kazi inayoendelea haionekani kwa macho: kiwanja kimepimwa upya, michoro iko kwa msanifu na mhandisi, na bila kibali cha ujenzi kutoka Manispaa hatuwezi kuchimba msingi. Mkandarasi naye lazima awe amesajiliwa. Safari hii mchoro una milango ya dharura, mitungi ya kuzimia moto, nyaya zilizopita kwenye mabomba yake, na njia ya mteremko kwa wanaotumia viti vya magurudumu. Kanisa la zamani lilikuwa na ngazi saba mlangoni, na kuna washarika waliobebwa kuingia ibadani maisha yao yote.

Wasiwasi kwamba kiwanja kitauzwa hauna msingi. Hati iko kwa jina la wadhamini wa mali za kanisa, na hakuna mtu wala kamati ya hapa inayoweza kukiuza.

Litafanana na lile la zamani?

Kwa umbo la mnara, ndiyo, maana wengi wameomba hivyo na hata sisi tunautamani. Mengine hapana. Mawe yaliyo mazima tutayatumia kwenye ukuta wa mbele. Akina mama wameomba jiko na vyoo vijengwe kabla ya mnara, na tumekubali.

Kuna washarika walioondoka?

Wapo. Wengine wamehamia sharika za karibu na wanakoishi, wengine wamekwenda kwenye makanisa yenye kumbi nzuri na vyombo. Hatuwasemi vibaya, na naomba jumuiya zisiwakatie salamu. Wapo pia waliorudi, waliokuwa hawajaonekana kwa miaka mingi, kwa sababu jumuiya imeanza kukutana karibu na mlango wao. Watu wa aina zote mbili tunawaombea kwa majina.

Mimi si Mlutheri. Naweza kuja kwenye jumuiya?

Karibu sana. Wakatoliki jirani zetu walitukopesha maturubai ya kwanza, na Waislamu wanatujazia tangi la maji Jumamosi. Hakuna atakayekuuliza kadi.

Desemba tunapanda nyumbani kutoka Dar. Krismasi itakuwaje?

Tunawasubiri. Kwa wingi wenu maturubai hayatatosha, kwa hiyo kutakuwa na ibada tatu siku ya Krismasi na mkesha utafanyika kwenye jumuiya. Panga kwenda kwenye jumuiya ya wazazi wako na ukae nao pale, usiwashushe tu na gari. Harambee ya ujenzi ni Jumapili kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Anayetaka kutoa vifaa badala ya fedha aongee kwanza na kamati, kwa maana saruji haikai muda mrefu bila kuganda na hatuna stoo kavu. Nondo na bati tunapokea.

Nina picha za zamani za kanisa. Mnazihitaji?

Tunazihitaji sana: harusi, ubatizo, kwaya, picha yoyote ambayo dirisha, mimbari au dari vinaonekana nyuma ya watu. Msanifu anazitumia kupata vipimo, na sisi tunazitumia kutambua watu kwa ajili ya daftari. Usiziache ofisini. Njoo nazo Jumatano au Ijumaa kati ya saa 3 na saa 6 mchana, tutazipiga nakala ukiwa umekaa hapo na utaondoka nazo. Andika kwa penseli, si kwa kalamu, nyuma ya picha: nani yumo, mwaka gani, na jumuiya gani. Ukiwa mbali, zipige picha kwa simu mwanga ukiwa wa kutosha, mbele na nyuma, umtumie kiongozi wa jumuiya yenu.